Baraza la Wasomaji: Roboti Amefungua Mlango au Imefungua?

Mwezi uliopita mhariri wa jarida hili aliwaalika wasomaji waniulize lolote kuhusu kazi ya kuandika riwaya za kisayansi, na barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimezisoma zote. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine, na pale ambapo watu kadhaa wameuliza jambo moja nimeichukua barua iliyouliza kwa uwazi zaidi. Majina nimeyaacha, kwa kuwa baadhi ya walioandika waliomba hivyo.

Karani wa Tabata anauliza: Habari za kazi, ndugu mwandishi. Naomba utueleze siku yako inavyokwenda. Watu husema waandishi huamka wanapotaka na kusubiri mawazo yawajie. Je, ndivyo?

Salama, ndugu yangu. Mimi huamka saa kumi alfajiri, kwa sababu saa moja kamili natakiwa niwe nimefika soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam, ambako ni fundi wa mitambo ya barafu na vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 19, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Muda wa riwaya, basi, ni ule ulio kati ya saa kumi na robo na saa kumi na mbili kasorobo, kabla sijatoka Mbagala kuwahi daladala. Naandika kwa kalamu ya wino katika kaunta buku, kwenye meza ileile tunayolia chakula, na lengo langu ni kurasa mbili. Zipo siku ninazopata nusu ukurasa, na zipo siku ninazoufuta hata huo. Mawazo siyasubiri, maana nimeona kwamba huja mkono ukiwa umekwisha kuanza kuandika, tena mara nyingi huja katika ukurasa wa pili.

Kando ya kaunta buku hilo ninalo daftari jingine dogo, ambalo nyumbani tunaliita daftari la vipimo. Humo huandika kila tarakimu ya riwaya ninayoishughulikia: umbali, uzito, lita za maji ambazo kila mhusika anakunywa kwa siku, umri wake katika kila mwaka wa hadithi, na muda ambao mlango fulani wa chuma huchukua kufunguka. Anayeandika riwaya ya mjini akimtoa mhusika Kariakoo kumpeleka Ubungo, msomaji mwenyewe anaijua njia hiyo, foleni zake na jua lake. Mimi nikimtoa mhusika katika kituo kilichoko Mwezini kumpeleka bonde la pili, msomaji hana pa kuupima mwendo huo isipokuwa kwangu, na nikimdanganya mara moja katika kilomita hataniamini tena hata nitakapomwambia kwamba mhusika huyo analia. Daftari hilo hulijaza siku zangu za mapumziko, mara nyingi nikiwa Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo lililofunguliwa mwaka 1967 na ambalo kwangu limekuwa chuo.

Mwanafunzi wa kidato cha tano, Temeke, anauliza: Shikamoo mwandishi. Katika riwaya yako wasafiri wa chombo cha anga wanakaribia kufa kwa joto, ilhali tumefundishwa kuwa huko juu kuna baridi kali. Je, hilo si kosa?

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hakukosea, na mimi pia naamini sikukosea, kwa sababu jambo lenyewe liko katika njia ambayo joto huitumia kuondoka. Itazame chupa ya chai ya mama lishe wa mtaani kwenu. Chai yake inabaki moto tangu alfajiri hadi saa nne kwa kuwa hewa imeondolewa kati ya kuta mbili za chupa hiyo, na pasipo na hewa joto halipati wa kulibeba. Chombo cha anga ni chupa ya chai iliyozungukwa na uwazi pande zote. Ndani yake kuna watu, na mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la takribani wati 100, kwa hiyo watu kumi ni sawa na pasi moja ya umeme isiyozimwa usiku na mchana. Ongeza kompyuta, taa na pampu. Ongeza na Jua lenyewe, ambalo upande unaolielekea huweza kupasha chuma hadi kufikia nyuzi 120 hivi za Selsiasi, wakati upande wa kivuli unashuka zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Joto la ndani haliwezi kupeperuka likaenda zake kama linavyofanya nyuma ya jokofu la nyumbani. Njia iliyobaki ni mnururisho, yaani joto litoke katika bamba kwa namna ile ile ambayo makaa hukupasha uso ukiwa umekaa mbali na jiko, na njia hiyo huhitaji mabamba makubwa sana.

Jambo hili nililijua kwa mikono kabla sijalisoma. Jokofu halitengenezi baridi. Linalichukua joto la ndani na kulitupa nje, na fundi asiyeshughulika na nje hataponya cha ndani. Mitambo mikubwa ya barafu hubeba joto hilo kwa amonia. Siku niliposoma kwamba Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka Dunia kwa kimo cha takribani kilomita 400, nacho hupitisha amonia katika mabomba yake ya nje ili kupeleka joto kwenye mabamba ya kulitoa, nilikifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Harufu ile naijua. Inachoma pua na kukutoa machozi kabla hujatambua imevuja kutoka bomba gani, na wewe una muda mfupi sana wa kuamua ukimbilie mlango au valvu. Riwaya uliyoisoma ilianzia hapo, kwa fundi mmoja anayenusa ndani ya chombo chake harufu ambayo haikupaswa kuwamo.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Magomeni, anauliza: Ndugu mwandishi, katika riwaya yako ya pili roboti wa nyumbani anapewa kiambishi i- katika nusu ya kwanza ya kitabu, ‘roboti ilisimama’, kisha ghafla anapewa a- hadi mwisho, ‘roboti alisimama’. Wanafunzi wangu wangekatwa alama kwa kuchanganya hivyo. Mhariri wako alikuwa wapi?

Shikamoo, mwalimu. Barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu umeliona jambo nililolifanyia kazi zaidi katika kitabu hicho. Mhariri wa lugha alikuwapo, na aliliona kama ulivyoliona: muswada uliporudi, alikuwa amevigeuza viambishi vyote kuwa i- kwa kalamu nyekundu, mahali zaidi ya mia mbili. Nilivirudisha kimoja kimoja kwa penseli, alfajiri baada ya alfajiri kwa wiki mbili, kisha nikaenda ofisini kwake kumweleza haya ninayokueleza.

Lugha yetu haimruhusu mwandishi wa hadithi za namna hii kulikwepa swali kuu la hadithi zenyewe. Anaweza kuepuka kusema kama mashine yake ni kitu au ni kiumbe kwa sentensi moja, pengine kwa mbili, lakini kitenzi kinachofuata kitamuuliza tena. Nasi tunajua kwamba katika upatanisho wa kisarufi uhai hulishinda umbo la neno. Kiboko, kijana na kipofu yana umbo la ki- na vi-, lakini tunasema kiboko amezama na kijana amefika. Nilifikiri kwa muda mrefu kwamba kusema ndiko kunakokipa kitu a-, hadi nilipokumbuka ngano za bibi yangu, ambamo jiwe likasema na mti ukajibu, na hakuna mtoto aliyewahi kudai kwamba jiwe ‘akasema’. Jini naye, ambaye hana mwili wa kushikika, huwa amempanda mtu na wala haimpandi.

Jibu nililipata msibani. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba ya jirani, na mzee mmoja akatangaza kwamba maiti imeletwa kutoka hospitali. Hazikupita dakika arobaini mzee huyo huyo akatoka ndani, mikono yake ikiwa bado imelowa, akatuambia kwamba maiti ameshaoshwa. Hakukosea sarufi. Kilicholetwa kwa gari kilikuwa mzigo mzito wa kupokewa, lakini aliyeoshwa alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na kiambishi kilibadilika mahali pale ambapo moyo wa msemaji ulibadilika.

Sasa urudi kwenye ukurasa ambao mabadiliko hayo yanatokea kitabuni. Roboti imetumwa na mama wa nyumba kumwamsha mtoto aende shule. Mtoto amekesha kwa homa na ndiyo kwanza amepata usingizi. Niliandika hivi: ‘Roboti ilifungua mlango. Ilimtazama mtoto aliyelala. Akaurudisha mlango polepole, akasimama nje.’ Kwenye ile nukta inayofuata neno ‘aliyelala’ nilikaa siku nyingi kuliko katika sura yoyote. Kabla yake kuna amri na chombo kinachoitekeleza, na baada yake kuna mmoja aliyeamua. Ningemwambia msomaji kwa maneno kwamba roboti amepata huruma asingesadiki, kwa hiyo nilibadili herufi moja nikamwacha aisikie mwenyewe. Utaona pia kwamba roboti za majirani zimebaki na i- na zi- hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu msimulizi hakuwahi kuziona zikiamua jambo.

Nina deni la shukrani kwa ngeli zetu, mwalimu. Hata ile a- yenyewe, ambayo haisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, imenisaidia kuandika riwaya nzima ambayo nahodha wake hajulikani jinsia hadi sura ya tisa, bila kuficha lolote kwa hila. Wanafunzi wako waendelee kukatwa alama katika insha za mitihani. Ila wale watakaotaka kuandika hadithi, tafadhali waambie kwamba kiambishi ni chombo cha kazi kama kalamu.

Muuza vipuri wa Sinza anauliza: Maneno kama mnururisho, obiti (njia ya kuizunguka sayari) na akili unde (akili ya mashine) unayatoa wapi?

Kwanza kamusi, halafu mafundi, na nikikosa kote nasema jambo kwa maelezo. Majina ya sayari kama Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali tunayo tangu zamani, yamekuja kwa njia ya Kiarabu, ingawa vitabu havikubaliani katika yote. Jina Utaridi nimelikuta mwenyewe likipewa sayari mbili tofauti. Hapa nyumbani tunayo Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, na wazee walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei. Nikiambiwa kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo ya anga, huwa natoa mfano huo.

Ustadhi wa madrasa, Kariakoo, anauliza: Assalaam alaykum. Mhusika wako Mwislamu yumo katika chombo kinachoizunguka Dunia. Anaswali akielekea wapi, na kwa saa ipi? Nawe unapoandika ‘saa moja asubuhi’ huko juu, unakusudia asubuhi ipi?

Waalaykum salaam, ustadhi wangu. Sehemu ya kwanza ya swali lako imekwisha kujibiwa na wenye elimu, nami nimewafuata. Mwezi Oktoba 2007, katika siku za mwisho za Ramadhani, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kituo hicho huizunguka Dunia mara moja kwa takribani dakika 90, na aliyemo huona jua likichomoza mara 16 hivi kwa siku moja. Baraza la fatwa la nchi yake lilitoa mwongozo kabla hajaondoka: swala zibaki tano kwa kila saa 24, nyakati zifuate za mahali chombo kiliporushwa, na kibla kielekewe kwa kadiri mtu anavyoweza, iwe ni Kaaba yenyewe, au Dunia kwa ujumla, au upande wowote akishindwa. Funga nayo angeweza kuilipa akirudi. Mhusika wangu amerushwa kutoka kisiwa cha Mafia, kwa hiyo anafuata nyakati za Mafia.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonitaabisha, na haimhusu Mwislamu peke yake. Saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, nasi tunaweza kufanya hivyo kwa sababu tunaishi karibu na ikweta, ambako jua halibadili tabia yake sana. Hapa Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja nzima. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, na mtoto anaijua bila kufundishwa. Sasa umpeleke Mswahili Mwezini, ambako mchana mmoja huchukua karibu wiki mbili zetu. Saa moja yake ni ipi? Niliamua kwamba wahusika wangu wanaozungumza Kiswahili wabebe jua la Dar es Salaam popote waendako. Ukutani kwa jiko lao wametundika saa moja tu ambayo mkono wake unafuata mapambazuko ya Feri, na hiyo ndiyo wanayoitazama wanapouliza kama ni wakati wa uji.

Wenzao wa mataifa mengine wanahesabu tangu usiku wa manane, na hapo ndipo hadithi ilipopata ajali yake. Sote tunamfahamu mtu aliyekosa safari kwa sababu mmoja alisema saa mbili kwa hesabu yetu na mwingine akaisikia kwa hesabu yake. Katika kituo cha Mwezini kosa hilo hilo, tofauti ya saa sita, linafungua mlango wa hewa wakati ambapo mtu bado yuko upande usiofaa.

Mama wa Kimara anauliza: Kijana wangu amemaliza kidato cha sita na anasema hataomba chuo, kwa kuwa atakuwa mwandishi kama wewe. Naomba uniambie ukweli. Kazi hiyo inalipa?

Mama, nakuambia ukweli kwa tarakimu zangu mwenyewe. Mkataba wangu wa kwanza ulinipa mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya kitabu. Kitabu kiliuzwa shilingi 8,000 na zikachapwa nakala 1,000, kwa hiyo hata kama zote zingenunuliwa siku moja ningepata shilingi 800,000 kwa kazi ya miaka mitatu. Zilichukua miaka minne kuisha, na mchapishaji huyo alikaa miezi mingi bila kunipa hesabu ya mauzo, hadi nilipojifunza kwamba tarehe ya kutoa hesabu ni lazima iandikwe ndani ya mkataba. Sikumshtaki. Nilikuwa mgeni wa mambo, na karatasi niliyoisaini haikunipa pa kushikia.

Hali si mbaya kote. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023, na imewapa waandishi wa riwaya sababu ya kumaliza miswada iliyokuwa kabatini. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake ni kwamba alichokiandika kijana wako akiwa na miaka 20 kinaweza kuwa mali ya wajukuu zake. Riwaya inayoteuliwa kusomwa mashuleni huuza zaidi ya nyingine zote. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kulipa nauli ya kesho. Mwambie aombe chuo au ajifunze ufundi, chochote anachokipenda, na aandike alfajiri. Kwa anayetaka kuandika riwaya za kisayansi nasema hivyo kwa msisitizo zaidi, kwa sababu kila nilichowahi kukiandika vizuri nilikishika kwanza kwa mikono yangu kazini. Na umnunulie kaunta buku, mama. Asione kwamba umemkatalia.

Mkazi wa Ilala anauliza: Kila mwaka mvua zikinyesha, bonde la Jangwani hapa mjini linafunikwa na maji. Watu wanapoteza magodoro, vyeti na hata ndugu. Wewe ni mwenyeji wa jiji hili, unaliona hilo, halafu unaandika kuhusu Mwezi na Mirihi. Huoni kwamba unawakimbia watu wako?

Ndugu yangu, nimelipokea swali lako kwa uzito wake. Nilikuwapo Desemba 2011, maji ya mto Msimbazi yalipoingia majumbani na baadaye familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Nakuomba ukumbuke jambo moja. Mwaka 1951, nchi hii ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, akatupeleka katika nchi inayoelea angani, akamsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote, lakini waliokisoma kitabu hicho walijua ni mahakama ya nani na ni dhuluma ya nani. Umbali haukuwa wa kuwakimbia watu. Ulimpa mwandishi mahali pa kusimama ili aseme lililokuwa halisemeki pale alipokuwa.

Nami nimeanza riwaya ya nne, na safari hii sitoki Dar es Salaam hata hatua moja. Ni mwaka 2090. Wataalamu wa tabianchi wanakadiria kwamba kufikia mwaka 2100 usawa wa bahari utapanda kati ya takribani sentimita 30 na mita moja, kutegemea hewa ya ukaa itakayokuwa imemwagwa angani. Tarakimu hiyo inaonekana ndogo hadi uiongeze juu ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari ya wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kazini kwangu naitazama bahari kila siku, na kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua huwa kuna tofauti ya zaidi ya mita tatu. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kumwagika baharini penye daraja la Selander. Mvua kubwa ikiuteremsha mto saa ileile bamvua inapojaa, maji ya mto hukuta mlango umefungwa, hurudi nyuma, na Jangwani ndiyo sebule yake. Sasa upandishe mlango huo kwa nusu mita. Mhusika wangu mkuu ni mwanamke anayekodisha magodoro yanayoelea, amezaliwa hapo Jangwani na amekataa kuhama mara tatu, naye ananifundisha mambo ambayo nisingeyajua kwa kusoma takwimu peke yake: mahali anapoficha vyeti, jirani anayemwamsha kwanza, na sauti ya maji yanapofika chini ya kitanda. Kama una kumbukumbu za mafuriko hayo na uko tayari kunisimulia, mhariri anaweza kutukutanisha. Nitakuja Ilala.

Muuguzi wa zamu ya usiku, Mbagala, anauliza: Nimependa riwaya yako ya kwanza, lakini mume wangu, ambaye ni fundi wa redio, amenionyesha kasoro. Kijana aliyeko Mirihi anazungumza kwa simu na mama yake aliyeko Mbagala, na wanajibizana papo hapo. Anasema haiwezekani. Ni kweli?

Ni kweli, dada yangu, na umfikishie shukrani zangu. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, na Mirihi haikai mahali pamoja: huwa umbali wa kilomita milioni 55 hivi inapotukaribia sana, na karibu milioni 400 inapokuwa upande wa pili wa Jua. Neno moja, basi, huchukua dakika 3 hadi 22 kufika, na jibu lake muda kama huo kurudi. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Niliogopa kwamba mazungumzo yenye kimya kirefu namna hiyo yangemchosha msomaji, nikalipita bila kulisema, na hilo ndilo jambo ninalolijutia zaidi katika kitabu chote.

Toleo la pili linaandaliwa, na sura hiyo nimeiandika upya. Mirihi iko mbali kabisa, kwa hiyo dakika ni 22 kwenda na 22 kurudi. Mama anarekodi swali lake akiwa ameinama kwenye jiko la mkaa, anamuuliza mwanawe kama amekula, kisha anaiweka simu juu ya kigoda na kutia mchele sufuriani. Maji yanachemka na kukauka. Anaupalia wali kwa makaa juu ya mfuniko, anafagia ua, anamtuma mtoto wa jirani akanunue chumvi, mtoto anarudi na chenji. Anauepua wali, anapakua, wanakula, anakwangua ukoko na kuosha sahani. Ndipo simu inapolia, na sauti ya kijana inasema kwamba amekula, na inamuuliza mama leo anapika nini.